Kombe halikai hewani

Mhariri,

Jumatatu nilisoma katika gazeti lako kwamba nahodha wa timu iliyoshinda "alilishika kombe hewani". Nikaweka kikombe cha kahawa chini, hapa barazani Mji wa Kale. Hewani vipi, na mikono yake miwili imelikamata?

Nahisi najua hilo "hewani" lilikotoka: limetafsiriwa. Kiingereza kina neno "aloft", yaani juu. Mimi sikulisoma shuleni, nililipata melini. Ujanani nilifanya kazi kwenye meli za mizigo, na tukiambiwa fulani yuko "aloft", tulijua yuko mlingotini, kwa hivyo usipite chini yake asije akakuangushia spana kichwani.

Asili yake ni lugha ya kale ya Skandinavia, "á lopt". "Lopt" ilikuwa hewa, ikawa pia orofa ya juu. Wajerumani hadi leo hewa huiita "Luft", ndiyo iliyomo kwenye jina Lufthansa. Basi mwandishi wako hakukosa kabisa, hewa imo ndani ya neno. Lakini neno haliendeshwi na babu yake. Ghorofa tumeitoa kwa Waarabu, na kwao "ghurfa" ni chumba tu, hata kikiwa chini. (Bibi yangu hakusema ghorofani, alisema darini.)

Mwingereza neno lake hilo moja humtosha kwa ndege inayoruka, kwa baharia aliye mlingotini na kwa kitu kilichonyanyuliwa juu ya kichwa. Sisi twagawa. Ndege iko angani. Baharia wa jahazi aliyeparamia kwenda kufungua tanga yuko foromalini, kwenye ule mti unaofungiwa tanga, na kila mtu wa Bandari ya Kale anajua ni wapi. Mpira uliopigwa na haujatua, huo sawa, uko hewani, kwani hakuna aliyeushika. Kombe hunyanyuliwa juu, yatosha. Na kama mashabiki walimbeba huyo nahodha mwenyewe miguu haigusi chini, hapo mwandishi angesema walimbeba juujuu, na Kiingereza kingemwonea wivu.

Nahodha nalo ni neno mliloazima kwetu watu wa bahari. Hatulidai.

Jambo jengine: kwenye picha mliyoiweka pembeni ya habari hiyo, kombe lilikuwa limemfika kifuani.

Baharia mstaafu,
Mji wa Kale, Mombasa