Kadi ya figo na kadi ya akili zisomwe pamoja

Ndugu mhariri,

Naandika kutoka Nkuhungu hapa Dodoma. Mdogo wangu alipandikizwa figo, anameza takrolimasi asubuhi na jioni bila kupitiliza saa, ndo inatuliza kinga ya mwili isije ikaikataa ile figo. Hata balungi tulikatazwa kumpa mana linapandisha dawa kwenye damu.

Mwaka jana akaanza kukesha, anaongea mpaka alfajiri, anagawa vyombo vya ndani kwa wapita njia, majirani wakasema karogwa. Tukampeleka kituo kimoja wakampa kabamazepini, dawa ya kutuliza akili, na kweli akatulia. Kadi ya figo hawakuiulizia na sisi hatukuitoa, alafu kliniki ya figo nako tukaona aibu kusema kijana kachanganyikiwa.

Wiki chache mbele vipimo vinatoka, kreatinini (uchafu wa damu ambao figo inatakiwa iuchuje) imepanda, takrolimasi iko chini kabisaa, na hajaruka dozi hata moja, nampa mwenyewe kwa mkono wangu! Mfamasia akasema mwageni dawa zote hapa mezani, akaokota moja moja, alipofika kwenye kabamazepini akasimama. Kumbe inalifanya ini livunje takrolimasi haraka, unameza kiasi kilekile ila kinachobaki kwenye damu hakitoshi. Akatuambia zipo dawa za akili za kinyume chake, fluvoksamini kwa mfano inaweza kuipandisha takrolimasi ikazidi, na lithiamu inahitaji figo nzima ili itoke mwilini. Klozapini, nayo ni ya akili, inaweza kushusha chembe nyeupe za damu, sasa ukiichanganya na azathioprini, dawa nyingine ya waliopandikizwa, ambayo nayo inazishusha, si balaa hilo. Tena predinisoloni wanayopewa hawa wagonjwa inaweza yenyewe kumvuruga mtu akili, sisi tunakimbilia kusema majini.

Madaktari wa pande mbili wakapigiana simu, kabamazepini ikabadilishwa taratibu. Sisi tungeikatisha wenyewe siku ileile tungeharibu zaidi, mana ukiiacha hiyo kabamazepini na takrolimasi lazima ipimwe upya.

Mji wetu una Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, na hospitali ya Benjamin Mkapa wanapandikiza figo tangu 2018, kwa hiyo wa namna hii wapo wengine. Naomba kila kliniki iulize "unatumia nini kingine?" kabla ya kuandika dawa, na ndugu wanaotoka Kondoa au Mpwapwa waje na dawa zote na maboksi yake, hata za kienyeji. Kreatinini ya mdogo wangu imeshuka ila haijarudi ilipokuwa.

Dada wa mgonjwa, Dodoma