Kikagua kufuli kipimwe hata kwa msimbo ulio sahihi

Mhariri,

Wanaojaribu programu za kukagua kufuli za nyuzi bila kuendesha msimbo (nyuzi ni kazi zinazokwenda sambamba ndani ya programu moja; kufuli huzizuia kugusa data ileile kwa wakati mmoja) wamezoea kuzilisha makosa ya wazi tu. Kufuli limefungwa, halikufunguliwa, onyo likatoka, basi. Jaribio hilo ni jepesi mno. Ugumu uko pale njia zinapogawanyika.

Chukua fankisheni hii: kama x si sifuri, funga kufuli, fanya kazi, kama x si sifuri, fungua. Ikiwa x ni ya ndani ya fankisheni hiyo na haikuguswa katikati, njia za utekelezaji ni mbili tu: iliyofunga itafungua, isiyofunga haitafungua. Kikagua kisichokumbuka sharti la kwanza huona njia nne, mbili zikiwa za uongo. Clang, kikusanyaji cha C na C++, ikiwashwa chaguo la onyo -Wthread-safety hulalamika hapo, kwani hudai hali ya kufuli iwe moja kila matawi yanapokutana, na maelezo yake yanakiri mpaka huo. Onyo hilo liandikwe kwenye jaribio kuwa linatarajiwa, ili siku likitoweka ijulikane.

Sasa itengenezee fankisheni hiyo pacha, yaani nakala yenye tofauti moja: weka x = 0 kabla ya sharti la pili. Hapo kosa ni la kweli, kufuli linabaki limefungwa. Kikagua kinachofuata thamani kinyamaze kwa wa kwanza, kilie kwa wa pili. Pacha wa tatu, ambaye wengi humsahau, ni x inayoshirikiwa na nyuzi nyingine: uzi mwingine waweza kuibadilisha katikati, na kikagua kikinyamaza kimekosea.

pthread_mutex_trylock, inayojaribu kufunga kufuli bila kungoja, nayo ina mtego wake. Ikifaulu hurudisha 0, ambayo kwa C ni sawa na "si kweli", ilhali try_lock ya std::mutex katika C++ hurudisha "kweli". Ukiandika sharti bila alama ya kukanusha, umeingia tawi la walioshindwa kupata kufuli ukidhani unalo. Jaribu pande zote mbili, kwa aina zote mbili.

Usisahau mzunguko ambamo continue, amri ya kwenda raundi inayofuata, inaruka mstari wa kufungua: raundi ya pili uzi unangoja kufuli unalolishikilia wenyewe.

Tena, kuhesabu maonyo hakutoshi. Maonyo matatu yaliyotarajiwa na matatu yaliyotoka yaweza kuwa sita tofauti. Kila onyo lifungwe kwenye mstari wake, kama linavyofanya chaguo la majaribio -verify la Clang, na onyo lolote la ziada liangushe jaribio.

Msomaji, mtunza vikagua