Kurudi kwenye kazi za nguvu baada ya upasuaji wa kupunguza uzito

Wanaofika kwenye kliniki yetu ya fiziotherapia baada ya upasuaji wa kupunguza uzito huuliza jambo moja kabla hata hawajaketi: nitaruhusiwa kubeba lini? Wengi wao si watu wa ofisini. Ni saidia fundi, wauguzi wa wodini, wapakiaji wa mizigo, akina mama wa vibanda vya chakula wanaoinua masufuria tangu alfajiri. Kwao siku ya kukaa nyumbani ni siku isiyo na hela, kwa hiyo kumwambia mtu "pumzika" na kumwacha hapo hakumsaidii.

Jibu fupi ni hili. Upasuaji wa matundu, yaani unaofanywa kwa kupitisha vifaa kwenye vitundu vidogo vya tumboni, huacha makovu madogo, na ngozi hufunga mapema. Chini ya ngozi, ukuta wa tumbo bado haujakaza. Ukibana pumzi na kuinua kitu kizito, msukumo ndani ya tumbo hupanda na kutafuta penye udhaifu, ndipo mtu anapopata ngiri kwenye mshono. Madaktari wengi huagiza usiinue zaidi ya kilo 4 au 5 kwa wiki 4 hadi 6 za mwanzo. Dumu la lita 5 lililojaa maji tayari limefika hapo. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, mfuko wa saruji ni 50. Mwenye kazi ya mezani anaweza kurudi baada ya wiki mbili hivi. Kazi ya nguvu husubiri wiki 6 hadi 8, na zaidi ya hapo kama tumbo lilifunguliwa kwa mshono mrefu. Mwenye neno la mwisho ni daktari aliyekupasua. Waliowekewa puto ndani ya tumbo ili washibe mapema, bila kupasuliwa, huduma inayotolewa pia na hospitali ya Muhimbili Mloganzila, hawana mshono wa kulinda, ila kichefuchefu cha siku za mwanzo huwachosha, na habari ya kula na kunywa inayofuata inawahusu pia.

Mzigo ndio watu wanaouogopa. Tunachokiona sisi kikiwaangusha zaidi ni ratiba ya siku. Saidia fundi anaingia kazini saa 1 asubuhi na chai na chapati, anachanganya zege juani, hagusi maji mpaka saa 7 mchana. Hapo anakula sahani ya ugali na maharage, anashushia na maji mengi au soda ya baridi, kisha anarudi kwenye koleo. Ratiba hiyo inahitaji tumbo kubwa. Kwenye upasuaji wa kukata tumbo, kiasi cha robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula huondolewa, na kilichobaki hakiwezi kupokea maji ya nusu siku kwa mkupuo mmoja. Atatapika, au ataacha kunywa, na kufika saa 9 kizunguzungu kimemshika akiwa juu ya jukwaa. Soda na juisi ni mbaya zaidi, hasa kwa aliyefanyiwa baipasi, yaani upasuaji unaoacha mfuko mdogo wa tumbo na kuuunganisha moja kwa moja na utumbo: sukari hushuka haraka kwenye utumbo, na muda si mrefu jasho linamtoka, moyo unakwenda mbio, tumbo linamsokota.

Kwa hiyo tunaipanga siku upya pamoja naye. Lengo la kawaida ni lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, na kwenye jua kali zaidi ya hapo. Anakunywa funda mbili tatu kila baada ya dakika chache tangu anapoamka, na chupa haimtoki kiunoni. Wakati wa kula anaacha maji, anasubiri nusu saa ndipo aendelee. Chakula kinagawanywa mara nne au tano, na protini inatangulia: mayai ya kuchemsha, samaki, dagaa, maharage laini, mtindi. Wataalamu wa lishe hutaka walau gramu 60 za protini kwa siku, na yai moja lina kama 6 tu, kwa hiyo ugali ukitangulia nafasi imekwisha. Vitamini na madini ulivyoandikiwa ni vya kumeza kila siku, hata ukijisikia mzima.

Kisha kuna nguvu zenyewe. Kilo zinazopungua si mafuta peke yake, misuli nayo huondoka. Mtu anapanda ngazi bila kuhema, anafurahi, halafu anashika karai la zege na mikono inatetemeka. Ndiyo maana chumba chetu cha mazoezi kina karai na ndoo za mchanga. Daktari akisharuhusu, tunaanza na kilo 2, karai likiwa karibu na kifua, pumzi ikitoka wakati wa kuinua, na tunaongeza mchanga kidogo kidogo kwa wiki kadhaa.

Maumivu ya mgongo yakirudi, tafadhali usikimbilie diklofenaki wala ibuprofeni za duka la dawa. Baada ya upasuaji huu, hasa baipasi, zinaweza kuleta vidonda vya tumbo vinavyotoa damu. Muulize daktari wako. Mara nyingi parasetamoli hutosha. Wenye dawa za sukari au presha wapimwe upya kabla ya kurudi kazini, kwa sababu dozi ya zamani huweza kuzidi mwili mpya. Na ukipata homa, maumivu makali ya tumbo, mapigo ya moyo yasiyotulia au mguu mmoja kuvimba, nenda hospitali siku hiyohiyo, usisubiri miadi yetu.

Kwa walioajiriwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, ukiwa na cheti cha daktari. Muda ukiisha na mwili haujawa tayari, tunamwandikia mwajiri barua inayotaja kilo unazoweza kuinua kwa sasa na mapumziko mafupi ya kunywa na kula. Kwa vibarua tunazungumza na msimamizi kwa simu, mteja akitaka.

Siku ya kwanza njoo na karatasi ya kuruhusiwa hospitali, dawa zako zote na viatu unavyovaa kazini. Kama kuna kifaa unachobeba kila siku na kinabebeka, njoo nacho, tukipime.