Vita vya Marekani: tuwasikilize walioandika barua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niijibu makala iliyotoka gazetini humu juma lililopita, ambayo mwandishi wake alidai kwamba Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, vilivyoanza Aprili 1861 na kumalizika mwaka 1865, vilitokana na ugomvi wa ushuru wa forodha na haki za majimbo, na kwamba suala la utumwa liliongezwa baadaye na washindi ili waonekane watu wema. Alimalizia kwa kusema kuwa wanahistoria wenyewe hawajaafikiana, kwa hiyo kila msomaji ana haki ya kushika analolipenda. Mimi nimefundisha Historia katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, na kauli hiyo ya mwisho imenisumbua kuliko zote zilizoitangulia.

Kabla ya kuwatupia wanahistoria lawama ya kutoafikiana, ni haki kwanza tuangalie kazi wanayoifanya. Namchukua mmoja tu, James M. McPherson, aliyezaliwa mwaka 1936 huko North Dakota, eneo ambalo vita hivyo vilipopiganwa lilikuwa bado halijapata hadhi ya kuwa jimbo. Mwaka 1958 alikwenda kusomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, chini ya C. Vann Woodward, mwanahistoria mkubwa ambaye yeye mwenyewe alikuwa mwana wa Kusini, yaani wa majimbo yaliyojitenga na kushindwa katika vita hivyo. Ilikuwa miaka ya mapambano ya haki za raia. Kijana huyo aliona watu weusi wakidai mambo yale yale ambayo babu zao waliahidiwa karne moja kabla, akataka kujua ahadi hiyo ilitolewa na nani na ilivunjwa vipi. Ndiyo sababu utafiti wake wa kwanza, uliochapishwa kuwa kitabu mwaka 1964, haukuwahusu majenerali bali wapinzani wa utumwa, na mwaka uliofuata akatoa kitabu kingine kilichokusanya maneno ya watu weusi wenyewe kuhusu vita ambavyo wapatao 180,000 kati yao walivipigana wakiwa askari wa Muungano, yaani upande wa Kaskazini. Mwandishi wetu anayedhani kwamba utumwa ni nyongeza ya baadaye angefaa kuanzia hapo.

McPherson alianza kufundisha Chuo Kikuu cha Princeton mwaka 1962 na hakuhama tena hadi alipostaafu. Kitabu chake cha mwaka 1988, kinachosimulia vita vyote katika juzuu moja la kurasa zaidi ya 800, kilimpatia Tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi nchini Marekani, mwaka 1989, na mwaka 2003 alikuwa rais wa chama cha wanahistoria wa nchi yake. Lakini si tuzo wala vyeo vilivyonifanya nishike kalamu, kwani vyeo havithibitishi hoja. Ni kazi aliyoitoa mwaka 1997, alipokuwa amekwisha kupata sifa zote ambazo msomi angeweza kuzitamani na hakuna ambaye angemlaumu kama angepumzika.

Katika kazi hiyo alijiuliza swali ambalo wanafunzi wangu walikuwa wakiniuliza kila mwaka: watu hawa walipigania nini hasa? Badala ya kulijibu kutoka kwenye hotuba za wanasiasa, alisoma barua zaidi ya 25,000 na shajara karibu 250 za askari wa pande zote mbili, zilizohifadhiwa kwenye maktaba na katika familia, kisha akajenga hoja yake juu ya askari 1,076, wa Muungano 647 na wa Shirikisho la Kusini, yaani serikali ya majimbo yaliyojitenga, 429. Hakutumia kumbukumbu walizoziandika uzeeni, wakati mtu huwa amekwisha kuipamba hadithi yake. Alitaka yale waliyowaandikia wake zao na mama zao kesho yake baada ya mapigano, katika majeshi ambayo barua zake hazikupitiwa na mkaguzi yeyote. Kwa bahati, wengi wao walijua kusoma na kuandika, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa majeshi ya zama hizo.

Matokeo yake hayakumrahisishia kazi. Miongoni mwa askari wale 429 wa Kusini, ni mmoja kati ya watano tu aliyeandika wazi kwamba anautetea utumwa. Mtu mwenye haraka angeishika takwimu hiyo na kutangaza kuwa mjadala umekwisha, na sitashangaa nikisikia kwamba mwandishi wetu aliipata mahali fulani ikiwa imekatwa kichwa na miguu. McPherson aliiweka mbele ya wasomaji bila kuificha, akawataka watazame na upande wa pili wake, kwamba hakuna hata askari mmoja miongoni mwa hao 429 aliyeupinga. Kwao utumwa haukuwa jambo la kubishania. Walioutaja zaidi walikuwa wale waliotoka katika familia zenye watumwa, na wengi waliosema wanapigania uhuru wao au mali yao walikuwa wakizungumzia nchi ambayo ndani ya mali hiyo mlikuwamo wanadamu wapatao milioni tatu na nusu. Mvuvi hakuandikii barua kukueleza kwamba baharini kuna maji.

Aidha, alikiri mwenyewe kasoro ya ushahidi wake, kwamba maofisa na watu wa familia zenye watumwa wamezidi, na askari weusi ni wachache mno, kwa kuwa wengi wao walitoka utumwani, na katika majimbo mengi ya Kusini sheria ilikataza mtumwa kufundishwa kusoma. Mimi naona kukiri huko kuna uzito kuliko tuzo ile.

Nirudi kwenye ushuru. Majimbo saba yalikuwa yamekwisha kutangaza kujitenga kufikia Februari 1861, yakiongozwa na South Carolina Desemba 1860. Ushuru uliokuwa ukitozwa wakati huo ulitokana na sheria ya mwaka 1857, ambayo wabunge wa Kusini wenyewe waliiunga mkono kwa sababu ilikuwa nafuu. Sheria ya ushuru mkubwa, ambayo huwa inatajwa kuwa chanzo cha vita, ilisainiwa Machi 1861, na iliweza kupita kwa sababu maseneta wa majimbo hayo walikuwa wamekwisha kuondoka. Haiwezekani mtu akahama nyumba kwa sababu ya mvua iliyonyesha baada ya yeye kuhama.

Kuhusu madai kwamba historia hii iliandikwa na washindi, mfano wa Alexander Stephens unatosha. Akiwa Makamu wa Rais wa Shirikisho, alisimama mjini Savannah tarehe 21 Machi 1861 akasema bila kificho kwamba msingi wa serikali yao mpya ni kuwa mtu mweusi si sawa na mzungu, na kwamba utumwa ndiyo hali yake ya asili. Baada ya kushindwa akaandika kitabu kirefu kueleza kwamba ugomvi ulikuwa wa katiba na haki za majimbo. Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, kama kuna kitu kilichoongezwa baadaye, basi kiliongezwa na walioshindwa.

Wapo watakaouliza haya yanatuhusu nini sisi. Bibi zetu walivaa merikani, kitambaa ambacho merikebu za Salem, Massachusetts, zilikileta Unguja, na pamba yake kwa sehemu kubwa ililimwa na watumwa wa Kusini kabla ya kufumwa katika viwanda vya Kaskazini. Vita vilipozuka kitambaa hicho kiliadimika, na vitambaa vya Uingereza na India vikapata nafasi sokoni. Jina limebaki katika lugha yetu hadi leo.

Sisemi kwamba wanahistoria hawabishani. Wanabishana sana, kwa mfano juu ya idadi ya waliokufa, ambayo kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa 620,000 na makadirio ya baadaye yakaisogeza karibu na 750,000. Wanabishana pia kama Kusini ingeweza kushinda, na McPherson anaamini kwamba hadi mwaka 1864 mambo yangeweza kugeuka. Juu ya chanzo cha vita mabishano makubwa yamekwisha, na yalimalizwa na nyaraka.

Ombi langu ni dogo. Jimbo la Mississippi lilitoa tamko la kueleza kwa nini linajitenga, na karibu na mwanzo wake tu linasema kwamba msimamo wake unafungamana kabisa na utumwa. Ni tamko fupi linaloweza kuenea katika nusu ukurasa. Naomba gazeti lako lilitafsiri na kulichapisha zima, na mwandishi wa makala ile apewe nusu ukurasa ya pili atuonyeshe ni wapi pametajwa ushuru.

Msomaji wako,
Mwalimu mstaafu wa Historia,
Tanga