Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi: Chura wa Mitini

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuungana nasi. Kila mgeni afikaye Kigoma huulizia sokwe wa Gombe na Mahale. Leo tunaomba ruhusa yako tumsemee chura.

Chura tuliyemsoma muhula huu wataalamu humwita Leptopelis vermiculatus. Anapatikana Tanzania pekee, mitini, katika misitu ya milima kama Usambara Mashariki, ambako msitu wa Amani ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Dume hufikia sentimita 5 hivi, na jike humpita. Macho yake ni makubwa, mboni zimesimama wima kama za paka, na vidole vina ncha pana zinazomwezesha kushika jani asiteleze. Wengine ni wa kijani chenye michirizi myeusi, wengine wa kahawia, hata asiyewajua angeapa kuwa ni aina mbili. Lililotushangaza zaidi ni kwamba kiumbe huyu wa mitini huteremka chini kutaga: jike hufukia mayai katika udongo wenye unyevu karibu na maji, na viluwiluwi wakianguliwa hujinyonganyonga wenyewe hadi majini. Kwa hiyo anayelima hadi ukingoni mwa kijito humharibia uzazi, hata kama miti ameiacha imesimama.

Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Hatuwapingi, ila mtafiti aingiapo msituni usiku humtambua chura kwa kelele hizohizo kabla hajamwona.

Mheshimiwa, kutoka hapa hadi Amani ni kuivuka nchi nzima, nasi hatuombi nauli. Tunaomba tochi 6 za kuvaa kichwani, mabuti ya mpira na kinasa sauti kimoja, ili pamoja na mwalimu wetu wa baiolojia tuwaorodheshe vyura wa hapa kwetu, tukianzia kijito kilicho nyuma ya shule, ambacho msimu huu kimelimwa hadi majini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 ziachwe. Wazazi wetu wenye mashamba hapo, ambao baadhi yao wameketi mbele yako, wameahidi kuanza na hatua 20, na sisi tumekwisha kuzipigia vigingi.

Tunaomba kuwasilisha.