Malalamiko kuhusu kreti la vipuri vya ndege lililofika Arusha limeharibika

Meneja, Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Uwakala wa Forodha na Usafirishaji,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: UHARIBIFU WA VIPURI VYA MKIA WA NDEGE NA TAMKO LISILO SAHIHI LA FORODHA

Naandika baada ya kijana wa ofisi yenu kunijibu kwa simu kwamba mikwaruzo kwenye mzigo wangu si tatizo kwa sababu "rangi itafunika". Kama ningekuwa naezeka banda la kuku hapa Njiro, ningemshukuru na kukata simu. Mzigo huo ni mkia wa ndege, na atakayekaa ndani ya ndege hiyo ni mimi.

Nina leseni ya rubani binafsi na huwa naruka kutoka uwanja wa Arusha, pale Kisongo. Niliagiza Marekani vipuri vya ndege ya kujiundia nyumbani. Kiwanda hukata mabati ya aluminiamu na kuyatoboa matundu, kikaweka na riveti, kazi ya kuunganisha ikabaki kwa mnunuzi. Kwa kanuni za Marekani, sehemu kubwa ya ndege ya aina hii lazima ijengwe na mwenyewe, kwa kujifunza au kwa burudani. Wengi huanza na mkia kwa kuwa ni mdogo na humzoesha mtu kazi kabla hajagusa mbawa. Mke wangu alikubali gari lilale nje ili gereji iwe karakana. Kwenu nilitarajia jambo dogo zaidi, kwamba mliyoyatoa ndani ya kreti mngeyarudisha kama mlivyoyakuta.

Kreti lilifunguliwa bandarini kwa ukaguzi. Hapo sina neno, forodha wana haki ya kuona kilichomo. Ninacholalamikia ni kilichofuata. Kila bati lilikuwa na nailoni ya bluu ya kulilinda, na kati ya bati na bati kulikuwa na karatasi nene. Nilipofungua mbele ya dereva wenu, karatasi zilikuwa zimefinyangwa na kushindiliwa kona moja, nailoni imechanwa nusunusu, mabati yamelaliana chuma kwa chuma. Hivyo ndivyo yalivyotikisika kutoka Dar kupitia Chalinze, Segera na Same hadi hapa. Juu ya kreti mlipandisha mifuko ya saruji ya mteja mwingine, na mmoja ulipasuka. Saruji ikipata unyevu inakula aluminiamu, na turubai la lori lilikuwa linavuja. Kwenye bati moja unga ule umeacha madoa meupe ambayo hayatoki kwa kitambaa.

Halafu kuna msumari. Mfuniko ulifungwa kiwandani kwa skrubu, ninyi mkaurudisha kwa misumari ya inchi nne. Mmoja umepita pembeni ya mbao ukatoboa bati la usukani wa mkia, katikati ya matundu mawili ya riveti. Riveti za hapo ni za inchi 3/32, kama milimita 2.4, na kanuni ya kazi hii ni kwamba kitovu cha tundu kikae mbali na ukingo angalau mara mbili ya kipenyo cha riveti. Tundu la msumari halikufuata kanuni yoyote. Mdomo wake umechanika kama kopo lililofunguliwa kwa kisu, na kiraka hakina pa kukaa bila kuingilia riveti zilizokwisha kupangwa. Picha nimewatumia, ikiwamo ile yenye msumari wenyewe ukiwa bado umekwama.

Sasa nirudi kwenye rangi. Bati hili ni aloi (mchanganyiko wa metali) yenye namba 2024, yaani aluminiamu iliyochanganywa na shaba. Shaba ndiyo inayolitia nguvu, na ndiyo hiyohiyo inayolifanya liwe jepesi kuliwa na kutu. Kwa hiyo hufunikwa pande zote mbili kwa tabaka jembamba la aluminiamu safi. Kwenye bati la nusu milimita, tabaka hilo ni kama milimita 0.025 kila upande. Mkwaruzo unaonasa ukucha ukipitisha kidole umekwisha lipita. Rangi haiondoi mkwaruzo. Inauficha tu, na chini yake mtikisiko wa injini na upepo unaendelea kuuvuta mpaka uwe ufa. Aprili 1988 Boeing 737 ya Aloha Airlines ilipoteza sehemu ya paa lake angani kule Hawaii kwa sababu ya kutu na nyufa za uchovu wa metali kwenye maungio ya bati. Ndege yangu ni ndogo na ndani haitajazwa hewa ya shinikizo, lakini aluminiamu haiulizi ukubwa wa ndege.

Jambo la pili nalitaja kwa ufupi kwa kuwa nyaraka zinajieleza. Ankara ya kiwanda iliandikwa wazi kuwa ni vipuri vya ndege, ambavyo kifungu chake cha forodha ni 8807. Ninyi mkatamka 7610, aluminiamu ya ujenzi, nami nikalipa ushuru wa vifaa vya ujenzi. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inambana mwenye mzigo kwa tamko la wakala wake, kwa hiyo mkikosea ninyi, naonekana mimi ndiye nimedanganya.

Naomba mgharamie mabati mapya ya sehemu zilizoorodheshwa kwenye kiambatisho, pamoja na usafiri wake kutoka kiwandani, na mshughulikie marekebisho ya tamko na marejesho ya ushuru bila kunitoza ada nyingine ya uwakala. Nahitaji pia maelezo ya maandishi ya nani alifunga kreti na kwa maelekezo ya nani. Hiyo nitaiweka kwenye daftari la ujenzi, maana mkaguzi wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga akiuliza kwa nini bati limebadilishwa, sitamjibu kwa mdomo. Punguzo la "mteja mwaminifu" mlilonipa kwa mzigo ujao silihitaji. Mzigo ujao ni mbawa.

Mabati yote nimeyatenga bila kuyagusa, na mtu wenu anaweza kuja kuyakagua siku yoyote ya kazi. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitapeleka nakala ya barua hii na picha zote kwa Mamlaka ya Mapato, inayotoa leseni za mawakala wa forodha, na kwa Tume ya Ushindani.

Wenu,
Mwenye mzigo,
Njiro, Arusha.

Viambatisho: picha, ankara ya kiwanda, nakala ya tamko la forodha, orodha ya mabati yaliyoharibika.