Nyumba Imerudi Vilevile: Kabla Hujatudai Hela Yako

Ujumbe huu huingia kwenye simu ya ofisi yetu ya kupanga nyumba za watu karibu kila mwisho wa mwezi, maneno yakibadilika kidogo tu: "Mlikuja, mkapanga, nikawalipa. Haya, tazameni." Chini yake picha. Kiti cha chumbani kimezikwa na nguo, meza ya kulia imejaa chaja na madaftari, mlango wa stoo haufungi. Wa karibuni, mteja wetu wa Kimara, amedai nusu ya hela yake kwa sababu, anavyosema, tulimpangia nyumba ya kupigia picha.

Tumjibu hapa hapa, maana wenye dai hilo ni wengi.

Kazi yetu inaanza kwa kumwaga. Chumba kinatolewa chote kwenye turubai, kisha mafungu manne: la kubaki, la kugawa, la kuuza, la kutupa. Anayeamua ni mwenye nyumba, sisi tunashika na kuuliza. Rafu zinafutwa, zinapimwa kwa futi, ndipo vitu vinarudi. Mwishoni kuna makabidhiano: saa nzima tunapita kabati kwa kabati na wote wanaoishi humo, watoto nao, kila mmoja anatoa kitu na kukirudisha kwa mkono wake. Saa hiyo imo kwenye bei, na ndiyo ya kwanza wateja kutaka ikatwe. "Hiyo iacheni, mnipunguzie. Nitamwelekeza dada mwenyewe."

Mteja wa Kimara aliikata. Siku tuliyokwenda, dada wa kazi alikuwa kwao Singida. Aliporudi alikuta miiko imehama, unga umehama, mafuta yako juu asikofika. Akarudisha kila kitu alikokizoea, kama ambavyo mimi na wewe tungefanya na maji ya ugali yanachemka. Hakumkosea mtu. Bosi ndiye aliyelipa, lakini anayeishika nyumba ikae ni yule anayerudisha sufuria usiku akiwa amechoka, na huyo hakuna aliyemuuliza. Kwa hiyo nusu ya hela haturudishi. Tumempa siku, tutakwenda kukabidhi kwa malipo ya saa moja, dada akiwepo.

Njia nyingine ya mkato ni fungu la tano. Hatujawahi kulitaja, wateja wanalianzisha wenyewe: fungu la "tutaona". Suruali ya kabla ya uzazi, rimoti ya televisheni iliyokwisha uzwa, majora ya kitenge. Haligawiwi wala halitupwi, linaingizwa kwenye shangazi kaja na kusukumwa stoo au uvunguni. Mama mmoja wa Tabata alikuwa na sare za harusi na kitchen party tangu hajaolewa, kila kamati na rangi yake. Tulimwomba achague chache za moyoni. Akasema tutaona. Mabegi yakaegemezwa ukuta wa stoo, ule unaopakana na bafu. Masika ikapita, ukungu ukashuka nayo. Akalipa dobi, nyingine hazikutakata. Akaita fundi atengeneze kabati la MDF palepale, na mbao ile ikishanyonya maji haina dawa: chini ikavimba, droo zikagoma. Hela aliyotoa ingetulipa sisi mara kadhaa, na sare bado anazo.

Mwingine alikimbilia Kariakoo siku moja kabla hatujafika, akarudi na bajaji ya makontena ya plastiki yenye mifuniko. Mazuri kweli. Yalikuwa marefu kuliko nafasi ya rafu zake, yakaishia juu ya friji yakiwa matupu. Ndugu zangu, kontena linanunuliwa baada ya kupunguza na kupima, na mara nyingi baada ya kupunguza hulihitaji. Makopo ya Blue Band uliyonayo yanatosha kwa iliki na mdalasini.

Kuna kitu kimoja kinachorudi kwa kasi kuliko vyote, nacho hakinunuliwi kwa makusudi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, kila safari ya sokoni inaleta mfuko mbadala mwingine, na nyuma ya mlango wa jiko unaning'inia mzigo wa mifuko hadi msumari unang'oka. Sheria yetu: msumari mmoja, mifuko mitano. Inayozidi inakaa kwenye pochi au kwenye gari, huko ndiko inakohitajika.

Halafu kuna wanaotuona wazembe kwa tulichoacha. Wamesoma mtandaoni kwamba kisichoguswa mwaka mzima kitoke. Sufuria la shughuli huguswa Idd, likaguswa tena kwenye msiba wa jirani, basi. Ukiligawa utaliazima, na aibu juu. Tunaligeuza kifudifudi, tunaliweka rafu ya juu kabisa, na jina la nyumba liko kwenye kitako kwa rangi ya kucha ili likiazimwa lirudi. Madumu ya maji hali kadhalika. Mgao ukianza hakuna atakayesifu ukumbi mtupu. Tunachofanya ni kuyapanga mstari mmoja na kukubaliana idadi, maana dumu lenye ufa nalo huwa linahifadhiwa.

Sasa bei. Chumba ni shilingi 80,000, na marudio, yaani kuja kukagua baada ya mwezi, ni 25,000. Tunaambiwa ni hela nyingi kwa kukunja nguo. Ndani yake mna watu wawili kutwa nzima, turubai, nauli, na kirikuu cha kuondoa mafungu, kwa sababu hatutupi mzigo wa mteja kwenye kona ya mtaa wake halafu aamkie lawama za mjumbe. Kwenye marudio ndipo tunapoona kapu la viatu limewekwa mbali na mlango, au ndoano ya sare za shule iko juu ya kimo cha mtoto. Tunalihamisha kapu, tunaishusha ndoano. Kazi ndogo, lakini bila hiyo sare inarudi kitini.

Ukitupigia, swali letu la kwanza litakuwa nani anarudisha vyombo kabatini hapo kwako. Kama Jumamosi hayupo, tutakuja siku atakayokuwepo.